Pinda Kidogo, Baba Furaha

Jumla ya mambo yote ni hii: mikokoteni saba ya udongo mweusi, magunia manne ya samadi ya ng'ombe kutoka Lubarika, vipande sitini vya pasipalumu, yale majani mafupi ya kutandika uani, chupa tupu mia moja na kumi na nne, kamba ya mita ishirini, na ardhi yangu mwenyewe, upana hatua mbili, urefu hatua kumi na nane. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili nilitumaini ardhi ingepungua, lakini ilibaki palepale, mbili kwa kumi na nane, upande wa jirani yangu Mama Mkunga. Vingine vyote naweza kuvisamehe. Samadi ilioza, na kuoza ndiyo kazi ya samadi. Ardhi haikuoza. Ilihama tu, na aliyeihamisha ni mimi, kwa mikono yangu, mchana kweupe, nikiwa nimevaa kofia mpya.

Kwa hiyo nikisema nilimwonea wivu yule mama kwa miaka kumi na tisa, mjue siongei hewani. Nina vipimo.

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga, kwa sababu nusu yetu tulipokelewa na mikono yake na nusu nyingine walipokelewa watoto wao. Jina lake jingine sikuwahi kusikia likitumika, hata padri alipomtaja madhabahuni. Alikuwa mfupi, mpana kidogo chini, na alitembea kama mtu anayebeba sinia lenye vikombe. Mikono yake ndiyo iliyokuwa mikubwa. Ukimwona amesimama unadhani amekopa mikono ya mvuvi.

Viwanja vyetu vinagusana, kwenye avenyu inayopanda kutoka barabara kubwa kuelekea mlimani, si mbali na bandari ya Kalundu. Ukisimama uani unaliona ziwa lote, na siku hizi unaliona karibu zaidi kuliko unavyotaka. Tangu maji yalipoanza kupanda na kumeza nyumba za chini, kila mwenye kiwanja huku juu anakijua kwa vidole kama anavyojua meno yake. Hatua moja ya ardhi huku ni maneno. Hatua mbili ni kesi.

Mimi ni mtu wa bandari. Nimekulia kati ya magunia na mapipa. Nanunua mbao, turubai, mapipa matupu, nauza kesho yake, na mtu akiniambia bei nasikia ile ya pili ambayo hajaitamka. Jembe nililijua kama bidhaa: mpini kiasi gani, chuma kiasi gani. Lililobaki kuhusu jembe sikuwa na haja nalo, mpaka nilipohamia jirani na uwanja wake wa majani.

Ulikuwa mdogo. Nasema hivyo kwa furaha. Hatua saba kwa tano, nilipima siku alipokwenda misa ya kwanza. Niliingia taratibu, nikahesabu kwenda, nikahesabu kurudi, nikatoka. Aliporudi alisimama kwenye ua wake, akatazama chini, kisha akaniita bila kuinua kichwa.

"Baba Furaha."

"Mama."

"Ni saba kwa tano. Ungeniuliza."

Umande ulikuwa umenisaliti. Nyayo zangu zilikuwa pale, kwenda na kurudi, kama hesabu iliyoandikwa ubaoni.

Lakini saba kwa tano ile, sijui niseme nini. Majani yalikuwa mafupi na mazito, ukikanyaga mguu unashuka kidogo halafu unapokelewa. Kuzunguka majani kulikuwa na ukingo wa maua, na ukingo huo ndio ulionitesa. Mbele yalikaa maua madogo ya zambarau yanayotambaa. Nyuma yake waridi, na kana zenye majani mekundu. Nyuma kabisa, zikiegemea ukuta, ibiskusi na krotoni ndefu kuliko mtu. Mfupi hakufunikwa na mrefu. Kila kitu kilionekana, kama watoto waliopangwa kwa ajili ya picha. Na kati ya majani na maua hakukuwa na jiwe, wala tofali, wala waya. Palikuwa na mkato tu, mkato safi wa udongo, upana wa kiganja, ambao aliunyoa kila baada ya wiki mbili kwa panga kuukuu, amepiga magoti juu ya ubao ili asiumize nyasi. Nilimwuliza ubao ule ni wa nini. Akasema, "Weye ukilala mgonjwa, muntu akusimamie tumboni utapenda?"

Alizungumza hivyo. Kila mmea kwake ulikuwa na tumbo, mgongo, au pumzi. Na kila mmea ulikuwa na mwenyewe, maana ukingo ule haukununuliwa. Mama aliyejifungua mikononi mwake, akishapata nguvu, alimletea shina. Haikuwa sheria, ila sikusikia aliyekuja mikono mitupu. Kwa hiyo ukimtembelea alikutambulisha: "Huyu wa njano ni mama mmoja wa Kalundu, alipiga kelele tangu bandarini mpaka hapa mlangoni. Huyu alizaa mapacha, ndiyo maana umeona amegawanyika. Huyu hapa, bwana yake alikimbia. Angalia alivyonenepa."

Ibiskusi tatu nyekundu za kona ya kusini ni za nyumbani kwangu. Hapo lazima nieleze.

Furaha, mtoto wangu wa kwanza, alipokuwa anakuja, mke wangu alikuwa ndani na mimi nilikuwa mlangoni napunguza bei. Sikuwa na ubaya. Mtu akinitajia bei mdomo wangu hufunguka wenyewe. Mama Mkunga alikuwa ametaja kiasi, nami nikasema nusu, akaingia ndani, akatoka, nikaongeza kidogo, akaingia tena. Mara ya tatu alitoka anafuta mikono.

"Endelea kuhesabu, Baba," akasema. "Mtoto yeye amefika."

Nililipa kile nilichotaka kulipa. Wiki ya tatu mke wangu alikata tawi la ibiskusi iliyokuwa mbele ya nyumba yetu, pekee tuliyokuwa nayo, akampelekea ili kujaza pengo la malipo yangu. Wa pili alipozaliwa akapeleka tawi jingine, na wa tatu akang'oa shina lililobaki. Zote zilishika. Pale zilipotoka hapakuota kitu tena. Kwa hiyo asubuhi nikinywa chai nilikuwa natazama maua ya watoto wangu yakichanua kwa jirani, na sikuwa na la kudai, kwa sababu kisheria yalikuwa salio langu.

Halafu maharusi. Jumamosi wakitoka kanisani walikuwa wanapanda mpaka avenyu yetu, gari limefungwa tepe, tarumbeta nyuma, kuja kupiga picha kwenye majani ya Mama Mkunga. Bibi harusi anasimama palepale ukingo unapopinda, nyuma yake kana, nyuma ya kana ziwa. Hakuwatoza kitu. Nilimfanyia hesabu: maharusi wawili kwa Jumamosi, tuseme kiasi kidogo tu kila mmoja. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema, "Na wale wasiokuwa nacho wapige picha kwako?" Kwangu wakati huo palikuwa na mapipa.

Hata kuku wangu walinitia aibu. Walilala kwangu, walikula mahindi yangu, na asubuhi walivuka kwenda kuokota wadudu kwake, kisha jioni wanarudi wakitembea taratibu, kama watu waliotoka kutembelea wakubwa.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na visa vyake, na nilivihifadhi vyote. Alikataa kushukuriwa, ukimwambia asante kwa shina alilokupa anakunja uso na kuondoka. Lakini aliwakumbuka wote ambao hawakushukuru, kwa majina ya watoto wao. Alimwaga maji kwenye maua kama serikali, bido tano, bido sita, madumu mazima, lakini wewe ukinawa mikono kwake alikusimamia na kikombe. Aliwafukuza mbuzi kwa matusi ambayo mkunga hapaswi kuyajua, kisha akawapelekea maganda ya ndizi mpaka getini. Jumapili baada ya misa alipogoa waridi. Mkristo mwenzake mmoja alimkumbusha kwamba ni siku ya Bwana. Akamjibu, "Mungu alianza na bustani. Kanisa lilikuja nyuma." Akaendelea kukata.

Na alipenda kusema "pinda kidogo". Kwake hilo lilikuwa jibu la mambo mengi. Njia inayoingia uani: pinda kidogo. Mwanamke aliyechoka na shemeji: pinda kidogo. Mimi nikibishana na mwenye mkokoteni: "Baba Furaha, pinda kidogo, mwache na yeye akale."

Siku nilipoamua kutengeneza bustani yangu nilikwenda kumwuliza alivyoanza, nikijifanya naulizia mambo mengine. Alinielewa. Akachukua tiyo yake ya kumwagilia, ile ya mpira, akaitandaza juani.

"Kwanza iache ipate joto, ilegee," akasema. "Halafu unailaza chini, unaipinda vile unataka majani yaishie. Halafu unaenda zako."

"Naenda wapi?"

"Kazini kwako. Unaiacha wiki moja. Uone watu wanapita wapi, maji ya mvua yanapita wapi. Uitazame toka mulango wa jikoni, uitazame toka kwa kiti chako. Pale mutu anairuka, unaisogeza. Ukishaona hakuna anayeiruka tena, unachimba."

"Wiki nzima tiyo inakaa chini bila kazi?"

"Njo kazi yake hiyo."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika kidogo. Mtu ambaye hakuwahi kufanya biashara hata siku moja ananifundisha kusubiri. Isitoshe, nilikuwa nimepiga hesabu za ukingo uliopinda. Ukipinda unapoteza nafasi pande zote mbili: ndani panabaki kitumbo, nje panabaki kona isiyo na maana. Mstari ulionyooka haupotezi kitu. Gunia unalipanga kwa mstari, mbao unazipanga kwa mstari. Nikanunua kamba.

Pasipalumu niliipata kwa mtunza bustani mmoja aliyekuwa anapunguza ya bosi wake, vipande sitini, bei sitaitaja kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Niliitandika. Ikashika huku, ikakataa kule, uwanja ukawa kama ndevu za kijana wa darasa la sita. Pembeni nikapanga chupa za bia, midomo chini, matako juu, zikimetameta. Mama Mkunga alikuja kuziona.

"Chupa zinachunga majani," akasema. "Na chupa nani anazichunga?"

Nilichukulia ni wivu. Lakini kila Jumapili nilipohesabu zilikuwa zimepungua mbili. Nikahesabu tena, mbili. Nilishuku mtaa mzima kabla mke wangu hajakiri. Alikuwa anazichomoa anazirudisha dukani, anapewa rehani yake. Sukari ya chai yangu ya Jumapili ilikuwa inatoka ukingoni mwa bustani yangu.

Ndipo nilipopata wazo la kupanda kitu ambacho duka halipokei.

Nilikuwa nimekwenda Katogota, kule bondeni, kutafuta mchele. Nikiwa nasubiri gunia lipimwe, nikaona pembeni mwa shamba mimea ya majani marefu kama mapanga, shina limenyooka, mstari mzima wa kijani kibichi, hakuna hata mmoja uliokauka. Nikamwuliza mwenye mchele ni bei gani. Akasema haiuzwi, ukitaka unakata tu, hata ukiuchomeka kichwa chini unaota. Nikakata thelathini na sita. Alipoona nafunga kamba akauliza, "Unaenda kugawana na ndugu?" Nikacheka, maana kitu cha bure unakipokea ukicheka. Nikampa na sigara moja.

Nilipanda asubuhi ya siku ya soko, mke wangu akiwa hayupo. Upande wa Mama Mkunga, mpakani penyewe, kulikuwa na mfereji wa maji ya mvua na visiki vya miyenzi, miti ya ua wa zamani, kwa hiyo nikaacha nafasi ya hatua mbili ili nipate pa kupita na mkokoteni. Nikavuta kamba mpaka ikalia. Nikaanza kuchomeka, miwili kwa kila hatua. Nilipofika wa kumi Mama Mkunga alisimama upande wake, mkono kiunoni.

"Unapanda hapo?"

"Njo hapo, Mama."

"Hapo-hapo?"

"Hapo-hapo. Minye nahesabu mara mbili."

"Nimeona umehesabu." Akasogea karibu na mfereji. "Baba Furaha, pinda kidogo. Hata kidogo tu, kama nyoka mwenye usingizi."

"Kupinda kunakula nafasi."

"Weye pinda hata ule wa katikati. Mmoja tu, utoke kwa mstari."

Nilimtazama na nikaona, kwa mara ya kwanza katika ujirani wetu, uso wake una wasiwasi. Nikajisemea: basi leo umeuonja. Leo wewe ndiye unayetazama na mimi ndiye ninayepanda. Nikachomeka wa kumi na moja, nyoofu kama wa kumi.

Shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, alipita wakati namalizia. Alisimama, akatazama mstari, akatutazama sisi wawili, akafurahi kama mtu aliyepewa likizo.

"Huu ndio ujirani," akasema. "Wengine wananiletea kesi tatu kwa wiki. Weye umepanda mwenyewe, mwenzako anaona, mimi naona. Imeisha."

"Imeisha," nikasema, nikidhani anasifia kazi.

Mama Mkunga akageuka. Akaingia ndani.

Mke wangu alirudi saa nane. Yeye ni mtu wa Lubarika, amekulia shambani. Alitua kapu chini kabla hajafika mlangoni.

"Baba Furaha. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi mbona umegawa kiwanja?"

Hivyo ndivyo nilivyojua jambo ambalo kila mtoto wa bondeni analijua kabla ya kuota meno. Mmea ule si pambo. Ndio mpaka. Unapandwa kwa mstari, ardhi yako inapoishia, na ukiupanda kwa mkono wako mbele ya jirani na mbele ya mkubwa, umetamka. Maneno unaweza kuyakana, mmea huwezi. Na kuung'oa peke yako ni wizi, hata kama ni wewe uliyeupanda. Wanang'oa majirani wawili pamoja, mikono minne kwenye kila shina, shefu akitazama. Kama ningepinda, kama hata mmoja ungetoka nje ya mstari, ungekuwa ukingo wa bustani na watu wangecheka tu. Lakini mimi nilikuwa nimenunua kamba.

Kilichokuwa kimebaki ni kuvuka hatua mbili zile na kumwambia: Mama, nimekosea, twende tukang'oe. Maneno manne. Sikuyasema kwa miaka minne, sawa na neno moja kwa mwaka. Nilikuwa nangoja yeye ataje bei. Kila mtu ana bei, na anayeanza kuongea ndiye anayepoteza. Nimeishi bandarini kwa sheria hiyo na sijawahi kulala njaa. Nilingoja apande kitu pale, nipate pa kuanzia ugomvi. Hakupanda hata kitunguu. Alifagia uwanja wake mpaka kwenye mfereji wa zamani na kuishia pale, kila asubuhi, kama mtu anayejua pa kuishia. Nami nilifagia mpaka kwenye mimea yangu. Katikati pakabaki pori la hatua mbili ambalo halikuwa la mtu, na kuku walilipenda.

Ile mimea thelathini na sita, niseme ukweli, ilipendeza sana. Maharusi wawili waliomba kupiga picha mbele yake. Niliwakatalia.

Mwezi uliopita Mama Mkunga aliacha kupiga magoti. Mgongo ulikuwa umegoma, na moyo nao, walisema, ulikuwa unarukaruka. Binti yake alitoka Bukavu kuja kumchukua. Siku ya pili nikamwona mwanamume mwenye tepe ya kupimia uani kwake, anakanyaga yale majani na viatu, bila ubao. Aliivuta tepe kutoka ukuta wa mbali, ikapita juu ya kana, juu ya waridi, juu ya mama wa Kalundu na yule aliyeachwa na bwana, ikapita juu ya ibiskusi za watoto wangu, ikavuka mfereji, ikafika kwenye mimea yangu ya mpaka. Akaandika. Anataka kujenga depo ya simenti, na depo ya simenti haifagii kwa adabu kuishia kwenye mfereji. Usiku mke wangu alikaa mbele yangu. Alikuwa ameweka vidole viwili juu ya meza, ameviacha pale.

Jumatatu asubuhi nikavuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mazuri, yana mwanzo na mahali pa kukohoa. Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi kando ya majani, panga mapajani.

"Nilikuwa nakungojea," akasema.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu ulipopanda. Nilitaka nijue mutu wa biashara anaweza kunyamaza miaka mingapi. Nilisema mbili. Umenishangaza."

"Mama, nimekosea," nikasema. Yale mengine yote niliyoyaandaa yakapotea. "Twende tukang'oe."

"Njo hivyo tu," akasema. "Hukuona ni mafupi?"

Shefu alikuwa ameshaitwa, na Mama ndiye aliyemwita. Mnunuzi alikuwa ameshaambiwa tepe yake itapimwa upya, na bei ipungue kulingana na hatua mbili. Alikuwa amepunguza bei ya nyumba yake ili anirudishie ardhi ambayo sikuwa nimeiomba. Mpaka hapo nilikuwa nadhani nimemaliza kumwonea wivu. Hata katika kurudisha alinishinda.

Shefu alipofika nikamwambia, kwa heshima, kwamba Mama mgongo unamuuma, basi tung'oe mmoja kwa niaba ya yote.

"Ulipanda mmoja kwa niaba ya yote?" akauliza shefu.

Nikachukua jembe.

Kwa hiyo tukaanza. Nilichimba kuzunguka shina la kwanza, kisha yeye akashuka kwenye kiti, taratibu, akaweka mikono yake mikubwa juu ya yangu, tukatikisa, tukavuta. Mizizi ilikuwa imeshika kama ina deni nasi. Tulipoutoa alipumua kwa muda mrefu, mkono wake ukiwa bado juu ya wangu, na nilihisi ule moyo mpaka kwenye vidole. Tukauchomeka kwenye mpaka wa kweli, kando ya mfereji. Akaumwagia kikombe kimoja.

"Leo mmoja," akasema.

"Mmoja?"

"Na kesho mmoja. Minye siko katapila."

Nilimshuku, nakiri. Niliyemwona akivuta watoto waliokataa kutoka haniambii amechoka na shina moja. Lakini Jumanne tulitoa mmoja. Jumatano mmoja, akinieleza nani alileta waridi jeupe na kwa nini jeupe. Alhamisi akanionyesha, akiwa amekaa, namna ya kushika panga ninaponyoa ukingo, mkono wa chini uwe mwepesi. Niliuliza mambo mengine mengi ambayo nilikuwa nayajua, ili aendelee kukaa. Binti yake alitoka mara mbili kutukumbusha kwamba Mama anatakiwa kupumzika, mara mbili na sauti ya mtu mwenye mali. Nikagundua kwamba wivu wangu wa miaka kumi na tisa umehamisha miguu. Sasa ulikuwa unamtazama yule binti, atakayekula naye chai kila asubuhi huko Bukavu na asijue hata la kumwuliza.

Alhamisi hiyohiyo alinipa panga lake. Sikusema asante. Nilikuwa nimejifunza.

Ijumaa tulitoa wa tano. Kati ya hiyo mitano mmoja tuliuchomeka nje ya mstari kidogo, yeye ndiye aliyeusukuma kwa mguu, akamtazama shefu, na shefu akatazama ziwa. Kisha akarudi kwenye kiti. Mabegi yake mawili yalikuwa yameshatolewa barazani, na ibiskusi, vijiti vitatu vilivyofungwa kitambaa chenye maji, vilikuwa vimewekwa juu ya begi la pili, tayari kwa safari. Gari lilikuwa linakuja kesho saa moja asubuhi.

Nikahesabu. Mitano mpakani, thelathini na mmoja kwangu. Nikahesabu tena kuanzia mwisho.

"Umefika ngapi?" akauliza.

"Thelathini na mmoja, Mama."

"Iko mingi."

"Iko siku thelathini na moja. Nimepiga hesabu, mwezi mmoja tu, unaondoka na mvua za kwanza."

"Baba Furaha," akasema, "kwangu unapunguza bei?"

"Hapana, Mama. Leo naomba shauri. Gari likishaondoka kesho, hii mingine niing'oe na mkono wa nani?"